Kupima theluji ingali mawinguni: fedha ziende kwenye ndege au setilaiti?

Mwanzisha mada: Setilaiti ya EarthCARE ya Ulaya na Japani iko angani tangu Mei 2024, na rada yake huzunguka dunia nzima. Ya nini tena kupeleka ndege ndani ya mawingu ya barafu, kazi ghali na ya hatari? Bajeti yote iende angani.

Mpimachembe: Ndugu, rada haipimi theluji, inapima mwangwi, yaani mawimbi ya redio yanayorudi baada ya kugonga chembe. Kwa chembe ndogo, mwangwi hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo: tufe moja la barafu la milimita 0.2 hung'aa kama matufe 64 ya milimita 0.1. Ukipata mwangwi uleule, utajua vipi ni wa yapi? Tena kwenye gigahezi 94, masafa ya rada hiyo, urefu wa wimbi ni milimita 3.2 tu, hivyo vipande vikubwa vya theluji haviifuati hata kanuni hiyo. Ukubwa na umbo huonwa na kamera ya chembe iliyofungwa chini ya bawa.

Mwanzisha mada: Kamera hizo nazo hudanganya. Fuwele hugonga ncha za kifaa, zinavunjika, na vipande vinahesabiwa kama fuwele changa. Isitoshe, dirisha la kamera la milimita za mraba 80 kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde hupitisha lita 12 tu za hewa kila sekunde. Hicho ni kijiko baharini.

Mpimachembe: Kuvunjika kuna dawa. Badili ncha kwanza, ziwe zimechongwa kurushia vipande nje ya mwanga wa leza. Kisha programu itupe chembe zinazofuatana kwa muda mfupi mno, kwani vipande vya fuwele moja huja kwa kundi. Programu bila ncha ni kupiga deki bomba likivuja. La kijiko nakubali.

Wa ardhini: Doppler ya setilaiti je, yaani kupima kasi ya chembe kwa badiliko la masafa ya mwangwi? Chombo kikienda kilomita 7.6 kwa sekunde, antena ikikosea nyuzi 0.01 tu kuelekea mbele, kosa ni kama mita 1.3 kwa sekunde. Kipande cha theluji huanguka kwa takriban mita 1! Pia mwangwi wa ardhi hufunika karibu kilomita ya mwisho juu ya ardhi, na ndege nayo haithubutu kushuka huko milimani. Rada ya ardhini inayotazama juu mmeisahau nyote.

Mpimachembe: Hilo la kilomita ya mwisho sina jibu nalo. Lakini angalia IMPACTS, kampeni ya utafiti ya NASA, iliyoanza 2020 katika dhoruba za theluji za Marekani: ndege ya ER-2 ilipita juu, kama kilomita 20, na rada zake, ndege ya P-3 ikiwa winguni na kamera. Rada ya juu ilisomwa pamoja na chembe za chini. Ukiifuta P-3, kanuni ya kugeuza mwangwi kuwa uzito wa barafu utaithibitisha na nini?

Mwanzisha mada: Basi ndege zibaki, ila ziruke chini ya njia ya setilaiti tu, ndani ya dakika chache za kupita kwake.

Mpimachembe: Ukisubiri hivyo, dhoruba nyingi zitapita ndege ikiwa bandani.