Naomba ushauri: king'amuzi na Xbox kwenye TV moja

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. TV yangu imebakiwa na tundu moja zima la HDMI (lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti). Nimenunua mashine ya gemu, Xbox One iliyotumika, ile ya 2013 yenye tundu la kuingizia HDMI, nikapitishia king'amuzi humo. Picha inakuja, ila mpira ukipigwa mbali unarukaruka kama unakwama hewani. Fundi anasema matangazo yetu ni hezi 50, yaani picha hubadilika mara 50 kwa sekunde, mashine inatoa 60. Hilo navumilia. Kasheshe ni kwamba mashine ikizimwa na king'amuzi hakionekani, kwa hiyo mzee akitaka taarifa ya habari ya saa mbili lazima mjukuu aitwe awashe gemu! Juzi mzee kachomoa nyaya zote kwa hasira. Ninunue swichi ya HDMI (ya kuchomeka vifaa viwili kwenye tundu moja), au king'amuzi nikirudishe kwenye zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe?