Nitaridhikaje na maisha niliyo nayo bila kuacha kujitahidi?

Mtazamanjia aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulitafakari jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Kwa kipimo chochote cha haki maisha yangu ni mema: nina afya, nina kazi inayonikimu, nina watoto wanaonikimbilia ninaporudi nyumbani, na nina mwenzi ambaye hatujapungukiwa na mazungumzo tangu tufunge ndoa. Hata hivyo, moyo wangu hauachi kuhesabu yaliyopungua. Nikipata kitu nilichokuwa nikikitamani, furaha yake hukaa muda mfupi, kisha jicho huhamia kwenye kinachofuata, na kile nilichokililia kwa miaka huwa cha kawaida kana kwamba nilizaliwa nacho.

Nimeshauriwa mara nyingi kwamba nishukuru, nami hushukuru, lakini maneno hayo huishia kinywani. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, kuridhika ni jambo ambalo mtu anaweza kujifunza, au ni tabia ambayo wengine wamejaliwa na wengine wamenyimwa? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, nikisharidhika na hali niliyo nayo, nitapata wapi msukumo wa kuiboresha? Nimewaona watu wanaosema kwamba wameridhika kumbe wamekata tamaa, na sitaki kuwa mmoja wao.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Mtazamanjia, hali unayoieleza haikukupata wewe peke yako, wala si dalili ya utovu wa shukrani. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Brickman na Donald Campbell, walieleza kwamba binadamu huizoea hali mpya, iwe njema au mbaya, na akishaizoea huanza kuipima furaha yake kwa kiwango kipya. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda cheo, kuhamia nyumba kubwa zaidi na kuongeza kipato, kisha akajikuta na kiu ileile aliyokuwa nayo mwanzo.

Mwaka 1978 Brickman na wenzake walichapisha uchunguzi uliowahusisha watu 22 walioshinda bahati nasibu, watu 29 waliopooza kutokana na ajali, na watu wengine 22 ambao hawakupatwa na lolote kati ya hayo. Washindi hawakuonekana kuwapita watu wa kawaida kwa furaha kwa kiasi cha kutajika. Tena, walipoulizwa kuhusu mambo madogo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa au kusikia kichekesho, walisema yanawapendeza kidogo kuliko walivyosema wenzao. Hili la mwisho ndilo ninalotamani ulitafakari, kwa sababu linaonyesha kwamba jambo kubwa tunalolisubiri si tu kwamba huenda lisituridhishe, bali linaweza pia kuyaondolea ladha yale madogo ambayo siku zetu zimejengwa kwayo.

Hapa naomba niweke tahadhari, kwa kuwa uchunguzi huu husimuliwa vibaya mara nyingi. Watu hudai ulithibitisha kwamba waliopooza walikuwa na furaha sawa na washindi, na sivyo. Furaha yao ilikuwa ya chini, ingawa haikuwa chini kama ambavyo mtu wa nje angedhani. Maradhi, njaa na upweke vina uzito wa kweli, na shukrani inayoanza kwa kuukana uzito huo haitadumu.

Jambo jingine ni kile tunachojilinganisha nacho. Mwaka 1995 Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha uchunguzi wa nyuso za wanamichezo wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992 iliyofanyika Barcelona. Waliotazama video za wanamichezo hao waliwaona washindi wa medali ya shaba kuwa na furaha zaidi kuliko washindi wa medali ya fedha, ilhali wa fedha ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba wa fedha alikuwa akiifikiria dhahabu iliyomponyoka, na wa shaba alikuwa akifikiria jinsi ambavyo nusura atoke mikono mitupu. Kwa hiyo, kuhusu swali lako la kwanza, naamini kwamba kuridhika hufundishika kwa sehemu kubwa. Huwezi kuuzuia moyo usizoee, lakini unaweza kuchagua unajipima kwa kitu gani, na uchaguzi huo hufanywa upya kila mara.

Mpima Maneno alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mwalimu kwa heshima, na sina la kuyapinga. Nataka tu tusilizungumze jambo hili kana kwamba kila kutoridhika ni ugonjwa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na wanaohubiri kuridhika mara nyingi ni wale ambao malalamiko ya wengine yangewagharimu kitu. Mfanyakazi anayepunjwa ujira wake huambiwa ashukuru kwamba ana kazi. Mke anayepigwa huambiwa ashukuru kwamba ana mume. Mgonjwa anayepuuzwa huambiwa ashukuru kwamba yu hai. Huko ni kumnyamazisha mtu kwa kutumia jina la fadhila njema, na mimi naliona kuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Mtu anaweza kushukuru kwa pumzi anayovuta na kwa pumzi hiyohiyo akadai haki yake.

Vilevile nina wasiwasi na ushauri tunaopeana kila siku wa kumtazama aliye chini yetu. Ukitumika kuamsha huruma na kutufanya tunyooshe mkono, ni ushauri mwema kabisa. Lakini nikimtazama jirani aliyefiwa ili tu nijione mwenye nafuu, nimeugeuza msiba wake kuwa dawa yangu, na siku mambo yake yatakapomnyookea nitajikuta nimepungukiwa. Shukrani inayohitaji mwingine aendelee kuteseka ili ibaki hai haifai kutunzwa.

Kwa hiyo, ndugu Mtazamanjia, kabla hujajilazimisha kushukuru, yachambue hayo unayoyahesabu kuwa yamepungua. Huenda baadhi yake ni kasoro za kweli ambazo zinadai hatua, na mengine ni kelele tu za kujilinganisha. Ukiyachanganya, utaomboleza mambo yasiyostahili machozi, na utayavumilia mambo yasiyostahili kuvumiliwa.

Fundi Taratibu alijibu:

Naomba nijibu kwa upande wa vitendo, kwa sababu mtu aliyesema kwamba shukrani zake huishia kinywani anahitaji kuonyeshwa njia ya kuzishusha moyoni. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha uchunguzi ambapo, katika sehemu yake ya kwanza, kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi 5 ambayo walishukuru kwayo, kundi la pili likaandika kero, na la tatu likaandika matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mema zaidi, na waliitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini makubwa zaidi kuliko wenzao. Sehemu nyingine ya uchunguzi huo iliwahusu watu wenye maradhi ya neva na misuli, na wao pia walipata nafuu ya moyo, tena wakaripoti kulala vizuri zaidi. Sisemi kwamba kalamu inaponya kila kitu, bali kwamba zoezi hili ni jepesi na halimdhuru anayelijaribu.

Faida ya zoezi hili hutegemea sana namna ya kuandika. Ukiandika kwamba unashukuru kwa familia, kwa afya na kwa riziki, baada ya muda mfupi utakuwa unanakili maneno yaleyale huku mawazo yako yako kwingine. Andika jambo lililotokea kweli, lenye mtu na wakati wake: kwamba mwanao aliacha mchezo wake aje kukuonyesha jino lililong'oka, au kwamba mwenzako kazini alikaa nawe hadi ukamaliza kazi ambayo haikumhusu. Jambo mahususi haliwezi kuzoeleka kwa wepesi, kwa sababu halitatokea tena kwa namna ileile. Ukiona limeanza kuwa mazoea matupu, punguza idadi ya siku za kuandika badala ya kuacha kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko hiyo, na inajibu vizuri wasiwasi wa Mpima Maneno. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walionyesha kwamba watu walioandika jinsi jambo jema maishani mwao lingeweza kutotokea kamwe walipata furaha zaidi kuliko walioeleza tu jinsi lilivyotokea. Chukua siku uliyokutana na mwenzi wako. Je, ingekuwaje kama ungechelewa, kama aliyekualika angeghairi, kama mmoja wenu angekuwa amehama? Ukizifuata njia hizo hadi mwisho wake, utarudi ukimwona mtu uliyemzoea kama mtu ambaye ungeweza kumkosa. Hapo humlinganishi na yeyote, wala huhitaji msiba wa jirani; unajilinganisha na wewe mwenyewe usiye na ulicho nacho.

Kisha mwambie. Shukrani ambayo mhusika hakuisikia ni nusu tu ya shukrani, na naona ajabu kwamba tunamshukuru mgeni aliyetufungulia mlango huku tukimnyima neno hilohilo mtu anayetupikia na kutuuguza.

Mja wa Asubuhi alijibu:

Mimi ninaishi na maradhi ya kudumu, na nimeona nichangie kuhusu swali la pili, kwa kuwa wengi wamelipita.

Mtume Paulo, katika barua aliyowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema kwamba amejifunza kuridhika katika hali yoyote. Tangu niugue nimekuwa nikitua kwenye hilo la kujifunza, kwa sababu linanionyesha kwamba hata yeye hakuanza akiwa hivyo. Vilevile nimetambua kwamba kuridhika hakufanani na kufurahi. Zipo asubuhi ambazo mwili unauma na sina furaha yoyote, na bado nikiulizwa kama ningependa kubadilishana maisha yangu na ya mtu mwingine ningekataa, kwa sababu ni katika maisha haya nilipendwa, nikafundishwa kazi, na nikapata watu wa kuwahangaikia.

Je, nimeacha kujitahidi? Sijaacha. Ninatumia dawa zangu kwa wakati, ninahudhuria kliniki, ninauliza maswali hadi nielewe, na matibabu bora yakipatikana nitakuwa miongoni mwa watakaoyatafuta. Tofauti ni kwamba zamani nilihangaika kama mtu anayeikimbia hali yake, na sasa ninahangaika kama mtu anayeitunza. Mkulima hapalilii shamba analolidharau. Huliacha liote magugu huku akililia la mwenziwe. Aliyelikubali shamba lake, pamoja na mawe yake, ndiye anayeamka kulilima. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiogope kwamba kuridhika kutakunyang'anya msukumo. Kitakachoondoka, kwa kadiri nilivyoona, ni ile haraka na ile chuki dhidi ya siku ya leo. Hao uliowaona wamekata tamaa wana alama yao: hawatunzi walicho nacho.

Mtazamanjia alijibu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na ninamshukuru hasa Mja wa Asubuhi, ambaye ameniandikia akiwa katika hali ambayo ingemruhusu kunyamaza.

Nimefuata ushauri wa Mpima Maneno nikayaandika yote ninayoyahesabu kuwa yamepungua, kisha nikajiuliza kuhusu kila moja kama ningelihisi endapo nisingejua wenzangu wana nini. Mengi yalifutika palepale. Cheo ninachokitamani, kwa mfano, sikukitamani hata kidogo mpaka alipokipata mtu niliyesoma naye. Nyumba ninayoilalamikia kuwa ndogo inatutosha kila siku isipokuwa siku nikitoka kuitembelea ya mwingine.

Lakini jambo moja halikufutika, na sidhani kwamba linapaswa kufutwa kwa kushukuru. Mimi na kaka yangu hatuzungumzi tangu tulipogombana kuhusu mali ya wazazi wetu, na nadhani sehemu kubwa ya kiu ninayoipeleka kwenye vyeo na nyumba inatoka hapo. Nimejaribu njia ya Fundi Taratibu kwa kufikiria maisha yangu kama nisingekuwa na kaka: nani angenifundisha kuogelea, nani angesimama kati yangu na waliotaka kunipiga shuleni. Nimeamua kumwandikia barua ya kumweleza hayo kwanza, bila kuitaja mali, na akikubali tuonane nitamwendea. Mwalimu, kama una ushauri kuhusu namna ya kuianza barua ya namna hiyo kwa mtu aliyenizidi umri na ambaye bado ana hasira nami, nitaupokea kwa mikono miwili.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Anza kwa kumwamkia kama ulivyokuwa ukimwamkia kabla ya ugomvi, kisha nenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kuogelea. Usimwombe ajibu, wala usimwekee siku. Ukishamaliza, isome barua ukiwa umekaa mahali pake, na uondoe kila sentensi inayojitetea.