MREJESHO: Minofu ya sangara kwenda Ulaya, je nembo ya TBS inatosha?

Wakuu, nashukuruni kwa michango yenu. Niliuliza kama nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inatosha kusafirisha minofu ya sangara kutoka Mwanza kwenda Ulaya. Jibu ni hapana.

Umoja wa Ulaya haukagui kila mfanyabiashara huku kwetu. Unaitambua mamlaka ya serikali yetu, upande wa Uvuvi, nayo ndiyo inakagua viwanda na kutoa cheti cha afya kwa kila shehena. Kiwanda kisichokuwa kwenye orodha iliyokubaliwa na Ulaya hakipeleki kitu, hata samaki wake wawe wazuri vipi. Vipimo vya maabara vinafanyika hapa hapa Mwanza, Nyegezi.

Jamaa mmoja alinitembeza kiwandani kwao. Mlangoni unakanyaga maji ya dawa na gambuti zako. Sangara akishushwa, anachomwa kipimajoto hadi katikati ya nyama. Samaki mbichi anatakiwa abaki kwenye ubaridi wa barafu inayoyeyuka. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye boti, siyo kiwandani, na hapo ndipo wengi wetu tunazembea.

Wanaosema ni urasimu tu wakumbuke 1999, Ulaya ilipofungia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu kutumika kuvulia. Waliofuata sheria waliumia pamoja na waliovunja. Inauma sana.

Mimi nimeamua kuanza kwa kuuzia kiwanda chenye kibali. Sasa hivi natafuta makasha mazuri ya barafu. Mwenye nayo ani-PM.