PostgreSQL na PostGIS kwenye Mac: Homebrew, Postgres.app au Docker?

mjenzi_data: Wakuu, nataka kusakinisha PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) pamoja na PostGIS (kiongezi chake cha data za ramani) kwenye Mac. Kati ya Homebrew (kisakinishi cha programu kwa amri), Postgres.app (programu ya Mac yenye PostgreSQL ndani) na Docker (huendesha programu ndani ya kontena), ipi haina usumbufu? Kazi inaanza kesho.

kamba_mbili: Mac yenye chipu ya Intel au Apple Silicon? Na seva mtakayopeleka kazi ina toleo gani la PostgreSQL? Ukitumia 17 halafu seva ni 15, faili ya pg_dump (nakala ya hifadhidata) itatoa hitilafu kwenye mpangilio wa `transaction_timeout`, maana 15 haiujui.

nukta_mkato: Postgres.app. PostGIS imo tayari. Unaburuta ikoni kwenye Applications, unabofya Initialize, kisha unawasha kiongezi kwa `CREATE EXTENSION postgis;` ndani ya kila hifadhidata inayokihitaji.

bi_jedwali: Homebrew ni nzuri mpaka uguse viongezi. Fomula (kifurushi cha Homebrew) ya postgis hujengwa kwa matoleo fulani tu ya PostgreSQL. Ukiwa na toleo lisilokuwemo, usakinishaji unamalizika bila kulalamika, halafu CREATE EXTENSION inagoma: `could not open extension control file`. Faili ya postgis.control ipo, ila imekaa kwenye folda ya toleo jingine. Endesha `pg_config --sharedir` uone seva yako inatafuta wapi. Hapo ubadili toleo, au ujenge PostGIS mwenyewe kwa `./configure --with-pgconfig=` ukitaja njia kamili. Usipoitaja, itachukuliwa pg_config ya kwanza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Mac hutafuta amri) na utarudi palepale.

kamba_mbili: Tena Homebrew haiundi mtumiaji postgres. Skripti zenye `-U postgres` (zinazoingia kwa jina hilo) hazitapita mpaka uendeshe `createuser -s postgres`.

poti5432: Docker, toleo lilingane na seva. Volyumu (hifadhi ya data ya kontena) ipe jina, la sivyo `docker rm -v`, amri ya kufuta kontena, inaondoka na data yote.

mjenzi_data: Ni M1, yaani Apple Silicon. Seva ina 15 na PostGIS 3.3. Nahitaji pia pg_stat_statements, kiongezi cha takwimu za hoja.

poti5432: Basi chukua taswira ya Docker `postgis/postgis:15-3.3`.

nukta_mkato: Hakikisha kwanza ina arm64, yaani ya chipu za Apple. Kama ni amd64 (ya Intel) pekee, M1 itaiendesha kwa kuiga na kasi itashuka, hasa kwenye kujenga faharasa za GiST, zile za data za ramani.

bi_jedwali: pg_stat_statements haitegemei njia uliyochagua. Iandike kwenye `shared_preload_libraries` ndani ya postgresql.conf, uzime seva na kuiwasha, reload (kusoma upya mipangilio bila kuizima) haitoshi. Kisha CREATE EXTENSION.

kamba_mbili: Kwa nini seva ibaki 15? Inaishiwa msaada Novemba 2027.

poti5432: Mkuu, kupandisha seva yenye PostGIS si kazi ya kesho. pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, inadai maktaba zilezile ziwepo upande mpya kabla haijaanza.

kamba_mbili: Ndiyo maana ipangwe sasa.