Mjadala: Mhakiki wa gemu ya samurai apime historia, au apime upanga tu?

Wakuu, naleta mada hii kwa sababu nimechoka kusoma uhakiki wa Assassin's Creed Shadows, gemu ya kampuni ya Ubisoft kuhusu Japani ya zama za samurai, usiosema lolote kuhusu kuicheza. Gemu ilitoka tarehe 20 Machi 2025 baada ya kuahirishwa mara mbili, na mpaka leo ukitaka kujua kama mapigano yake yana ladha unakutana kwanza na ugomvi wa Yasuke, shujaa wake Mwafrika. Alikuwa samurai, hakuwa samurai, kawekwa kwa siasa, hakuwekwa kwa siasa. Kambi moja inaipa sifuri bila hata kushika pedi ya kuchezea. Kambi nyingine, na wamo ndugu zetu wengi, inaipa kumi kwa kuwa shujaa ni Mwafrika. Yule anayetaka kujua kama atoe dola 70 zake au la, anaondoka mikono mitupu.

Msimamo wangu: historia ipimwe, ndiyo, lakini kwa kipimo kimoja kwa gemu zote za aina hii, na isitumike kumeza mambo mengine yote.

Kwa asiyeijua, hadithi inaanza mwaka 1579 katika eneo la Kansai, wakati mbabe wa vita Oda Nobunaga anazivunja koo za kikabaila moja baada ya nyingine. Unacheza watu wawili. Naoe ni binti wa kubuni kutoka jimbo la Iga, anayeona kwao kukiteketezwa na jeshi la Nobunaga mwaka 1581. Yasuke ni Mwafrika aliyefika Japani na Wajesuiti, mapadre wa Kikatoliki, na kuchukuliwa na Nobunaga huyo huyo. Hapo waandishi wamefanya kazi nzuri: mashujaa wawili, mmoja kaonewa na bwana wa mwenzake.

Sasa twende kwenye upanga, maana ndipo wahakiki wengi walipoparuka juu juu.

Ukimshika Yasuke unausikia uzito wake. Adui anakujia, hukimbilii kubonyeza ovyo. Unasubiri hadi upanga wake ukaribie kabisa ndipo unapangua. Chuma kinagongana, jamaa anayumba, na pigo lako linalofuata linaingia kwa nguvu zaidi. Pigo likiwaka jekundu halipanguliki, lazima ukwepe. Likiwaka buluu, ni mfululizo unaoweza kuupangua hadi mwisho ukiwa na roho ngumu. Wenye deraya hawakatwi hivi hivi, ni lazima uipasue kwanza, na hapo ndipo rungu la chuma, kanabo, linapokuwa na maana yake: deraya inavunjika na vipande vinaruka. Naginata, ule mkuki wa ubapa mrefu, unafagia watu watatu kwa mkupuo mmoja. Milango ya karatasi na mbao Yasuke haifungui, anaipita kwa bega. Mimi ni mpenzi wa gemu za kukatakata tangu zama za PS2 na gemu ya Onimusha, na nasema bila kusita kwamba mapigano ya Yasuke ndiyo bora kuliko yote niliyoyaona katika mfululizo huu wa Ubisoft.

Naoe ni kitu kingine kabisa. Anatambaa kwa tumbo, anazima taa ili giza limfiche, anamchoma mlinzi kupitia mlango wa karatasi. Majira ya mwaka yanabadilika na kazi yake inabadilika nayo: wakati wa baridi bwawa alilokuwa akijifichamo linaganda, na vijiti vya barafu kwenye paa vinaanguka na kumchongea. Akizungukwa na watu wanne uwanjani, kwisha habari yake. Mundu wake wa mnyororo unasaidia kuwaweka mbali, lakini hana kifua cha kuhimili mapigo mazito.

Basi ubovu uko wapi? Upo, na ni mkubwa. Unamwonja Yasuke kidogo mwanzoni kabisa, halafu ananyang'anywa mikononi mwako kwa saa nyingi, karibu kumi kwa mchezaji anayetembea tembea, ndipo anarudi. Akirudi, dunia yenyewe haikujengwa kwa ajili yake. Kuta za ngome zinapandika na Naoe. Yasuke anapanda kwa shida, na baadhi ya minara ya kuchungulia ramani hafiki kabisa. Ngome nazo zimefanana: ingia, tafuta samurai wakuu wote, waue, sanduku lifunguke, toka. Mara ya kwanza damu inachemka. Ukifika ya sita unafanya kwa mazoea. Halafu kuna levo, namba za ngazi ya nguvu: adui aliyekuzidi namba anakula mapigo mengi hata kama umempangua vizuri. Katika gemu ya panga, pigo safi lisipoua kwa sababu ya namba, ufundi wa mchezaji umedharauliwa. Hili ndilo lililostahili kelele zile zote.

Tuje kwenye historia. Haijifichi, gemu yenyewe inajinadi kwayo, mpaka ina maelezo ya utamaduni ndani yake ya kusoma. Kwa hiyo mhakiki ana haki ya kuuliza. Nini kimeandikwa kuhusu Yasuke? Alifika mwaka 1579 akiwa na Alessandro Valignano, mkaguzi wa Wajesuiti. Mwaka 1581 watu wa Kyoto walijazana kumtazama hadi wakavunja mlango wa nyumba ya mapadre. Nobunaga aliamuru avue nguo asuguliwe, akidhani ni rangi. Ota Gyuichi, mwandishi wa habari za Nobunaga, anasema alionekana kijana wa miaka 26 au 27 mwenye nguvu zaidi ya watu kumi. Nakala moja ya maandishi hayo inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Shajara ya Matsudaira Ietada inataja jina lake na urefu wake kwa vipimo vya Kijapani, shaku 6 na sun 2, yaani karibu sentimita 188. Jemadari Akechi Mitsuhide alipomgeuka Nobunaga pale hekalu la Honno-ji mwaka 1582, Yasuke alikwenda kupigana upande wa mtoto wa bwana wake, akakamatwa, akarudishwa kwa mapadre. Baada ya hapo maandishi yananyamaza. Aliyesema alitoka Msumbiji ni Mjesuiti Mfaransa, François Solier, akiandika mwaka 1627. Valignano kweli alipita Msumbiji mwaka 1574 akielekea Goa, kwa hiyo si jambo la kushangaza.

Mtu huyo alikuwepo, alibeba silaha za Nobunaga, alilipwa, alipigana siku ya mwisho. Yaliyobaki ndani ya gemu, mapenzi yake, vita vyake vya kando, adui zake wenye vinyago, ni ya kubuni, na sioni ajabu yoyote. Naoe ni wa kubuni tangu unyayo hadi utosi na hakuna aliyeandamana.

Hapa ndipo ninapowabana wale wa "sisi tunatetea historia tu". Mwaka 2017 Team Ninja, Wajapani wenyewe, walitoa Nioh. Shujaa ni Mzungu, William, aliyetokana na baharia Mwingereza William Adams aliyetia nanga Japani mwaka 1600, na anakata mapepo kwa katana, upanga wa samurai, toka mwanzo hadi mwisho. Yasuke yumo humo pia, kama bosi, adui mkubwa wa kupigana naye. Sikusikia kelele za namna hii. Mwaka 2020 Wamarekani wa Sucker Punch walitoa Ghost of Tsushima, kuhusu uvamizi wa Wamongolia wa mwaka 1274 katika kisiwa cha Tsushima. Shujaa wake Jin anaketi kutunga haiku, mashairi mafupi ya Kijapani, ilhali mtindo huo ulikomaa karne ya 17. Deraya na panga zake ni za zama za baadaye pia. Jarida la gemu la Famitsu la Japani liliipa 40 kwa 40, na mji wa Tsushima ukawapa viongozi wawili wa gemu hiyo ubalozi wa utalii. Nami naungana nao, ile ni gemu nzuri sana. Lakini aliyefumba macho kwa karne nne za haiku, leo akadai moyo unamuuma kwa ajili ya Yasuke, anatakiwa aeleze ni kipimo gani anatumia.

Yapo malalamiko ya Wajapani ambayo nayaheshimu, na nawaomba wenzangu msiyachanganye na yale. Ubisoft walitumia bendera ya kikundi cha maigizo ya vita vya Sekigahara kwenye michoro yao bila ruhusa, wakaomba radhi. Kisha ikaonekana video ya Yasuke akivunja vitu ndani ya hekalu la Itatehyozu la Himeji, hekalu lililopo hadi leo na lenye waumini wake. Mjumbe wa Baraza la Juu la Bunge la Japani, Hiroyuki Kada, alilipeleka jambo hilo bungeni siku moja kabla gemu haijatoka, akihofia watu wataiga, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Shigeru Ishiba, akajibu kwamba kuharibu hekalu ni jambo lisilokubalika. Sasisho la siku ya kwanza likafanya meza na rafu za mahekalu zisivunjike. Hilo ni sahihi kabisa. Sehemu ya ibada ya watu walio hai si pambo. Linganisheni na Tsushima: kimbunga cha mwaka 2020 kilipoangusha lango la hekalu la Watatsumi, wapenzi wa gemu walichanga zaidi ya yen milioni 27 wakati lengo lilikuwa milioni 5. Gemu iliyojenga heshima ilirudishiwa heshima.

Na kwa ndugu zangu mnaotaka Shadows ipewe kumi kwa sababu ya Yasuke: mnamshusha. Mtu aliyetoka upande wetu wa Bahari ya Hindi akasimama mbele ya Nobunaga alistahili gemu ambayo kila ukuta na kila ngome vimechorwa vikimfikiria. Hakupewa. Mimi naipa saba na nusu, na hiyo nusu ni ya kanabo.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu.

Mdau mmoja kasema gemu ni burudani, historia tuwaachie walimu. Mkuu, ningekubali kama Ubisoft wasingeiuza kwa historia. Anayetangaza samaki wabichi, mteja ana haki ya kufunua mashavu. Gemu ya mapepo matupu ningeiacha na upanga wake tu.

Mwingine kauliza kwa hasira, na swali lake ni zito: wangetengeneza gemu ya Kilwa, shujaa akawa Mjapani, tungekubali? Ndugu yangu, ningetaka kuona maandishi kwanza. Yakiwepo ya karne ya 16 yanayosema Mjapani fulani alipewa nyumba na posho na sultani, mimi wa kwanza kuinunua. Wala si jambo la mbali hivyo. Mwaka 1587 Hideyoshi, aliyeshika madaraka Japani baada ya Nobunaga, aliwalalamikia Wareno kwa kuwanunua Wajapani na kuwavusha bahari kama watumwa, na wengine walifika Goa hadi Ureno kwenyewe. Meli zile zile zilitia nanga Msumbiji. Hadithi ya namna hiyo ningeicheza usiku kucha, bora tu pwani isiwe mapazia ya nyuma na watu wake wasiwe wa kuchinjwa tu.

Waliouliza kama wanunue: kama huna haraka, subiri ipungue bei. Ukianza, weka ugumu wa mapigano juu na ugumu wa kujificha kawaida, maana gemu inaruhusu kuvitenganisha. Chagua sauti za asili, Wajapani waseme Kijapani na mapadre Kireno. Usizunguke kila kijiji ukiwa na Naoe. Fuata hadithi kuu moja kwa moja mpaka Yasuke arudi, ndipo uanze kuzurura. Aliyeimaliza akiwa na Yasuke kwa sehemu kubwa aje aseme alipitaje kwenye zile ngome.