Kange hadi Chumbageni kwa baiskeli: nifanye nini nisiumie?

BintiKange:
Assalaam aleikum wana jamvi. Kuanzia mwezi ujao nataka niwe nakwenda kazini kwa baiskeli, Kange hadi Chumbageni, hapa Tanga. Baiskeli ni ya mtumba, ya gia, tairi inchi 26, breki za raba zinazobana ringi. Nimezoea kuendesha mitaani tu, barabara kubwa bado. Kule kuna mabasi ya mikoani na malori ya saruji ya Pongwe, na jioni narudi giza likiingia. Navaa buibui. Je, nikague nini kwanza, na barabarani nikae upande gani? Halafu magoti yananiuma kwa mbele hata nikiendesha kidogo. Ni mimi au ni baiskeli?

FundiSpoki:
Waaleikum salaam dada. Goti kuuma kwa mbele, shuku siti kwanza: iko chini mno. Egemea ukuta, kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote. Ukiendesha, unakanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, na hapo goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto, au ukisikia maumivu nyuma ya goti, umepandisha kupita kiasi. Usivuke alama iliyochorwa kwenye bomba la siti, maana bomba likibaki fupi ndani ya fremu linaweza kukatika. Na gia nzito iache. Tumia nyepesi, miguu izunguke haraka.

Sasa breki, na hapa usiwe na haraka. Mtumba wa Japani kwa kawaida mkono wa kulia ndio wa mbele. Nyingi za Ulaya bara ni kinyume chake. Nyanyua gurudumu, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja hadi ujue yako ikoje. Asiyejua hubana ya mbele peke yake kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, akarushwa juu ya usukani. Kusimama vizuri ni kubana zote mbili pamoja, taratibu kisha kwa nguvu, huku ukirudisha makalio nyuma. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi kwa sababu uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo usiiogope ukaiacha.

Raba iguse ringi peke yake. Ikipanda juu inachana ubavu wa tairi na tyubu inapasuka. Ikishuka inaingia kwenye spoki. Mifereji ya raba ikifutika, nunua mpya. Mkono wa breki ukifika hadi kwenye usukani, waya umelegea au nyuzi zake zimeanza kukatika. Na kwa upepo wetu wa chumvi waya hushika kutu ndani ya ganda lake: unabana, ukiachia haurudi. Waya wa hivyo badilisha pamoja na ganda, usihangaike kuupaka oili. Oili ni ya cheni, tone moja kila kiungo, halafu futa inayobaki juu. Isiguse ringi kabisa.

Malizia na nati za magurudumu, nyingi ni spana 15. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa, mwambie hata kijana wa gereji. Upepo soma ubavuni mwa tairi. Tairi pana za 26 nyingi huandikwa PSI 40 hadi 65. Upepo ukiwa mdogo, shimo moja tu la barabarani linabana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili.

Mwambani_Asilia:
Mimi nashauri apite kulia, ayaone malori yanavyomjia. Kugongwa kwa nyuma ndiyo hatari.

Kipanga_wa_Majani_Mapana:
Mkuu, hiyo ni kanuni ya mwenda kwa miguu, kwa baiskeli inaua. Chukua baiskeli mwendo wa kilomita 15 kwa saa na gari 50. Mkienda upande mmoja, gari linakufikia kwa tofauti ya 35, dereva ana muda wa kupunguza. Mkikabiliana mnakaribiana kwa 65. Tena dereva anayetoka barabara ya mtaani kuingia kushoto huangalia kulia kwake, magari yanakotokea. Wewe unamtokea kushoto, hajakuona. Dada, kaa kushoto, fuata mwendo wa magari.

Lakini kushoto si kubanana na ukingo. Penye bega la lami lililo safi, pita hapo. Lisipokuwepo, acha kama mita 1 kutoka ukingoni. Pembeni ndiko kunakojaa mchanga na chupa, na lami ikimeguka gurudumu linateleza. Pia ukijibana sana, dereva anaona nafasi inatosha na anakupita karibu sana. Mwendo wako unyooke. Usiingie na kutoka kila penye gari lililosimama. Ukilipita gari lililoegeshwa, acha zaidi ya mita 1, mlango hufunguliwa ghafla. Kabla ya kuhamia kulia, geuza kichwa utazame nyuma, kisha nyoosha mkono.

Lori: usipite kushoto kwake karibu na njia panda, hata likiwa limesimama. Likikata kona kushoto, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele, na dereva haoni ubavu ule. Subiri nyuma yake. Basi likisimama kituoni, vivyo hivyo.

Ukikuta mchanga, acha kupiga pedali, shika usukani umenyooka, usibane breki ya mbele. Reli ivuke kwa pembe mraba. Ukiivuka kimshazari, tairi huingia kwenye mfereji wake na unaanguka.

Nesi_Sahare:
Buibui: pindo linaloning'inia huvutwa na cheni au spoki za nyuma. Mwambie fundi afunge kava la cheni na kinga ya spoki pande zote mbili, na wewe likunje pindo, ulifunge kwa mkanda juu ya goti, ndani uvae suruali. Mtoto asipande karia bila kinga hiyo na pa kuweka miguu, vidole vyake vitaingia kwenye spoki.

Helmeti ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, kidevuni kipenye kidole kimoja. Chini yake mtandio mwembamba, usiwe na fundo wala pini. Ikishapigwa kwenye ajali, haifai tena.

Ukichubuka, osha kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Dawa ya meno na majivu hapana. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali ya Bombo mara moja. Kiganja kikiuma upande wa kidole gumba baada ya kuangukia mkono, piga picha ya eksirei, usikande.

BintiKange:
Nawashukuru sana. Kipindi cha masika je? Na taa?

FundiSpoki:
Ringi ikilowa breki inachelewa kushika. Gusa breki kidogo kidogo mapema ili raba zifute maji, na acha nafasi mara mbili ya kawaida. Dimbwi usilolijua lizunguke, baada ya kutazama nyuma. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, uziwashe kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ya nyuma ifunge kwenye bomba la siti, juu ya karia, buibui wala mzigo usiizibe.