Tupeane uzoefu: miezi ya mwanzo ya kuishi na kufanya kazi Ufaransa

MlezaWana_Lyon

Wakuu, habari zenu. Vijana wa nyumbani wananiuliza kila mara Ufaransa pakoje, na wengi swali lao ni mshahara tu. Naomba kila aliyeishi huku aandike aliyokutana nayo mwanzoni, ili anayekuja asianzie gizani. Nafungua mimi.

Nilitoka Morogoro nikaja Lyon kwa viza ya kulea watoto, hii wanayoita au pair. Unakaa na familia, unapewa chumba, chakula na pesa kidogo ya matumizi, na kazi haitakiwi kuzidi saa 25 kwa wiki. Hiyo namba ishikeni sana, na mkataba wako usome kabla hujapanda ndege. Kuna mabinti nawafahamu waliofanyishwa kazi kutwa nzima kwa sababu hawakujua.

Niliambiwa Wafaransa hawasalimiani. Si kweli hata kidogo. Kwenye duka la mikate mtaani kwetu niliona kijana anaingia na kuagiza moja kwa moja. Muuzaji, mama wa makamo, akamtazama, akasema "bonjour" polepole, kisha akanyamaza. Foleni nzima imesimama. Kijana alipoitikia ndipo mkate ukatoka. Sisi tuliokuzwa na shikamoo tunamwelewa vizuri huyo mama. Salimia dukani, kwenye basi, kwa daktari, na ukitoka aga.

Jambo jingine nililolipenda ni utaratibu wa watoto. Saa kumi na nusu wakitoka shule lazima wapate kitu, mara nyingi kipande cha mkate na chokoleti katikati, halafu hakuna kula ovyo mpaka chakula cha usiku.

Fundi_Toulouse

Asante dada kwa kuanzisha. Mimi ni Mkenya, niko Toulouse kwenye karakana inayotengeneza vipuri vya ndege. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Airbus, kwa hiyo kazi za aina hii zipo nyingi.

Kilichonishangaza ni saa sita mchana. Mashine zinazimwa, watu wote wananawa na kwenda kantini: saladi, chakula chenyewe, jibini, kitu kitamu, kahawa. Nyumbani nilizoea kula nimesimama kando ya mashine. Huku sheria ya kazi hairuhusu mwajiri kuwaacha wafanyakazi wakila pale pale wanapofanyia kazi. Na pale mezani ndipo unapojulikana. Msimamizi ambaye asubuhi hakunisemesha neno aliniuliza habari za mama yangu tukiwa kwenye jibini.

Kuhusu pesa, ndugu zangu, ukitajiwa mshahara uliza kama ni kabla au baada ya makato. Kwa mfanyakazi wa kawaida karibu robo huenda kwenye bima na pensheni, na tangu Januari 2019 kodi ya mapato nayo inakatwa humo humo. Lakini unapata kitu kwa makato hayo. Wiki ya kazi kisheria ni saa 35, zinazozidi zinalipwa zaidi, na likizo ya malipo ni wiki tano kwa mwaka. Nusu ya pasi yako ya basi au treni ya kwenda kazini analipa mwajiri. Hakuna atakayekukumbusha haya, kwa hiyo soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari na uitunze. Utaihitaji hata ukidai pensheni uzeeni.

Mama_wa_Bukavu

Ndugu zangu, mimi Kifaransa nilikuja nacho toka shuleni, kwa hiyo lugha haikunitesa. Makaratasi ndiyo yalinitesa.

Nyumbani nilikuwa muuguzi. Diploma ya uuguzi ya nje ya Ulaya haikupi ruhusa ya kufanya kazi hiyo huku moja kwa moja, lazima urudi masomoni. Nimeuguza watu miaka mingi, nimezalisha akina mama usiku bila umeme, halafu naambiwa nianze kama msaidizi. Iliniuma na bado inauma. Anayekuja na taaluma ya afya aulize mapema, asiuze kiwanja kwa matumaini.

Sasa natumika katika nyumba ya wazee karibu na Paris. Siku za kwanza nilimwona baba mmoja anakula peke yake, kiti kimegeuziwa dirishani, na machozi yakanitoka huku natandika kitanda. Kwetu mzee hawezi kuachwa hivyo. Lakini nilimwona pia mume anayekuja kila mchana kumlisha mkewe karoti zilizopondwa, kijiko kwa kijiko, anampangusa kidevu na hataki sisi tumsaidie. Tangu hapo nimeacha kusema hawa watu hawajui kupenda wazazi wao.

Nyumba ya kupanga: wenye nyumba wanataka mdhamini na hati tatu za mshahara, na wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi. Mgeni atavitoa wapi? Kuna dhamana ya bure iitwayo Visale. Vijana wa miaka 18 hadi 30 waiombe kabla ya kutafuta chumba.

Mpwani_Marseille

Bi Bukavu, pole sana, Mungu akufungulie njia.

Mimi wa Mombasa. Atakayeona upweke aje Marseille, Wangazija wamejaa tele. Soko la Noailles nilikuta muhogo na majani yake. Jirani yangu wa Ngazidja alinipikia mataba, kumbe ni kisamvu chetu kile kile cha nazi. Yeye asema chake, mimi changu, na twafahamiana. Ila upepo wa mistral ukivuma kutoka kaskazini, koti la mtumba halifui dafu.

NajiandaaGrenoble

Shikamooni wakubwa. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Grenoble. Naweza kufanya kazi? Na nibebe nini?

MlezaWana_Lyon

Marahaba mdogo wangu, hongera. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa hadi saa 964 za kazi kwa mwaka. Viza yako ya muda mrefu uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu ufike, usingoje wiki ya mwisho.

Cheti cha kuzaliwa usikiache. Utatakiwa tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa ili upate namba ya bima ya afya. Ina tarakimu 15: inaanza na 1 kwa mwanamume au 2 kwa mwanamke, unafuata mwaka na mwezi wa kuzaliwa, kisha 99 kwa tuliozaliwa nje. Ukipewa, hakiki tarehe yako hapo hapo, maana kuirekebisha ni barua juu ya barua.